Wiki ya Thelathini na Moja

Tairi la nyuma limebaki kipara.
Umba, kwado wetu, mziba pancha wa Kamalondo,
analipapasa kama mkunga apapasavyo tumbo.
"Madamu, hili limeshasema yake."
Katikati limelala bapa, kisigino cha kandambili:
lami ya Likasi, kwenda na kurudi,
kupeleka mitihani, kuleta mitihani.
Lami hula katikati, njia ya udongo hula mabega.
Mabega ya tairi langu mazima,
yana hata vile vinyweleo vya kuzaliwa navyo.

Nataka kwenda Moba.
Nimelitamka mbele ya watu, halirudi tena kinywani.
Miaka ishirini na tisa nimeichora Moba ubaoni,
hapa Kasenga, hapa Pweto,
hapa ziwa, watoto, andikeni ziwa,
na jioni nikapangusa mikono kwenye sketi.
Pikipiki aliniuzia mhandisi wa barabara aliyerudi kwao,
ndefu, naigusia ardhi kwa ncha za vidole.

Mutonkole ametundika matairi kama nyama buchani.
Hili laini, lina mifereji myembamba kama ya kiganja:
kwenye lami litateleza kama maji,
kwenye tope la Februari litakulaza ubavu.
Hili lina meno ya kutafunia mahindi makavu:
tope litalimeza lote,
ila utarudi nalo kibogoyo,
na jioni mkono utatetemeka hata ukishika kijiko.
La tatu ni nusu kwa nusu.
"Kama ndoa," anasema, na anacheka peke yake.

Bei? Dola mia na arobaini, kila moja.
Nanyamaza. Kunyamaza nako ni kupatana.
Anaingia nyuma ya makreti ya soda,
anatoka na lingine la meno, jeusi, linang'aa.
"Hili nimekuwekea wewe. Themanini."
Nalinusa.
Linanuka Jumatatu asubuhi, mstarini, miguu mia mbili:
amelipaka rangi ya viatu.
Navaa miwani, natafuta ubavuni tarakimu nne
alizonifundisha Umba, wiki kwanza, mwaka baadaye:
tatu, moja, moja, sita.

Wiki ya thelathini na moja.
Agosti inaanza, shule zimefungwa.
Dada yangu Feza ameandika kutoka Moba:
njoo sasa, njia kavu, samaki wamejaa.
Begi langu lilikaa mlangoni siku nne.
Siku ya tano nikalifungua, nikatundika nguo.
Sababu ilikuwepo. Siikumbuki.

Kumbe wiki ile ile, kiwanda fulani,
tairi hili lilitoka kwenye kalibu likiwa la moto.
Tangu hapo limening'inia.
Umba analikunja kwa vidole gumba viwili,
nyufa zinafunguka, udongo wa Septemba.
"Halijatembea hata kilomita moja!" Mutonkole anateta. "Jipya kabisa!"
Naam, naliona.
Nalirudisha msumarini mwake kwa mikono miwili,
rangi ya viatu imebaki vidoleni.

"Mbele tia meno," Umba ananong'ona,
"mbele ndiko kunakouliza njia.
Nyuma tia nusu kwa nusu,
nyuma husukuma tu, lakini ndiyo inayolipa."
Nahesabu kwa kidole hewani,
lami, changarawe, mchanga, tope, mchanga tena,
kana kwamba ubao bado uko mbele yangu.
Mia mbili na arobaini kwa yote mawili.
Mipira ya ndani, Mutonkole kaongeza kwa hasira.

Umba anapaka sabuni, anajaza upepo.
Mpira unaikamata ringi kwa mlio mmoja, pa!
Kuku wa jirani wanatawanyika.
"Polepole siku za kwanza, Madamu.
Tairi jipya huteleza. Kilomita mia hivi
usiilalie kona."

Nimestaafu Ijumaa, namjibu. Nami vilevile.

Naondoka Kamalondo kwa gia ya pili,
meno yakinguruma juu ya lami kama watu wanaobishana,
vinyweleo vyote
bado vimesimama.